Paa la asbesto: lini uliache, lini ulishushe, na ulishushe vipi

Kaskazi iliyopita bibi mmoja wa Jang'ombe, mjini Unguja, aliniita nikamwezulie nyumba. Mabati mapya alishayanunua, yameegemezwa ukumbini, na haja yake ilikuwa paa la zamani lishuke kabla masika hayajaingia. "Vipande vikubwa msinivunjie, mwanangu," akanambia, "nataka kujengea banda la kuku. Vidogo mtavimwaga hapo njiani penye tope." Nikatoka uani nikatazama juu: mawimbi mapana, rangi ya jivu, ukoga mweusi, na kwa umri wa nyumba ile hakuna hata doa la kutu. "Bibi, samahani," nikamwambia, "leo sipandi."

Sikuwa navunga kazi. Nilipokuwa na miaka 15 mimi na mjomba wangu tulikata paa kama lile, Pemba, kwa msumeno wa mkono, kutwa nzima. Magharibi inaadhiniwa sisi weupe toka kope hadi kucha, kama watu waliotoka kusaga unga. Tukajipangusa kwa kanga ya mama, naye akaikung'uta mlangoni. Hakuna aliyejua kitu. Sasa najua, na mapaa niliyoshusha baada ya hapo nimeyashusha kwa njia nyingine. Njia hiyo ndiyo hii hapa. Mwenye nyumba na fundi wake waisome pamoja, ngazi ikiwa bado imelala chini.

Kitu chenyewe

Asbesto ni jiwe linalochimbwa ardhini, ila halipasuki vipande kama mawe mengine. Linachambuka nyuzi, kama kumbi lililozikwa pwani na kupondwa linavyotoa usumba. Uzi wa usumba unauona. Uzi wa asbesto unaofika ndani kabisa ya pafu una unene usiozidi sehemu 3 katika 1,000 za milimita moja. Unywele wa kichwa ukiuweka kando yake ni boriti. Hauungui, hauozi, hauli kutu, na ulikuwa rahisi kwa bei. Ndiyo maana walimwengu waliutia kila pahala: kwenye mapaa, mabomba ya maji, mifuniko ya matangi, breki za gari, na vitambaa vya kufungia mabomba ya mvuke. Katika bati la asbesto (tunaita bati kwa mazoea, chuma hamna) kiasi cha sehemu 10 hadi 15 katika 100 ni nyuzi, na zilizobaki ni saruji iliyozishika.

Maadamu saruji imezishika, nyuzi hazendi popote. Ukikata, ukitoboa, ukivunja au ukisugua, unazifungulia. Huelea hewani kwa saa nyingi bila mtu kuziona, na ukizivuta, zile ndefu hazitoki. Seli za ulinzi wa mwili huujia uzi ziumeze, lakini uzi ni mrefu kuliko seli, basi seli hufa hapo hapo ikimwaga sumu zake. Zinakuja nyingine, yale yale. Ni mwiba uliovunjikia kisiginoni, ila huu hauna wa kuutoa. Pafu hufanya makovu, likakakamaa, na huo ndio ugonjwa wa asbestosi. Kwa watu wengine vinasaba vya seli vinaharibika polepole mpaka inazuka saratani.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka asbesto katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani zenyewe ni ya mapafu, ya zoloto, ya ovari kwa wanawake, na mesothelioma, ambayo hushika utando unaofunika mapafu au matumbo. Mtu akikwambia asbesto nyeupe haina neno, ya hatari ni ile ya buluu, mwache na biashara yake. Nyeupe, ya kahawia na ya buluu zote zimo humo.

Kilichowafanya watu wasiihofu ni kuchelewa kwake. Mesothelioma hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya vumbi kuvutwa. Kijana anakata paa leo, anaoa, anasomesha, anazeeka, ndipo kifua kinapobana, na ule msumeno hakuna anayeukumbuka. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake kule Afrika Kusini walieleza habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, karibu wote wakihusiana na eneo la migodi ya asbesto ya buluu. Baadhi yao hawakuwahi kushika sururu. Waliishi jirani tu, wengine wakiwa watoto. Mwaka 1965 Newhouse na Thompson wakayaona kama hayo London, na miongoni mwa wagonjwa wao walikuwamo wanawake ambao kosa lao lilikuwa kufua nguo za waume zao. Niliposoma hapo niliikumbuka ile kanga.

Uingereza ilipiga marufuku aina zote mwaka 1999, Umoja wa Ulaya mwaka 2005, Afrika Kusini mwaka 2008. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo zaidi ya 200,000 kila mwaka vinavyotokana na asbesto ya makazini, kwa sababu wanaokufa sasa ni wa vumbi la zamani.

Hatua ya kwanza: litambue

Gonga kwa kidole, si kwa nyundo. Bati la chuma linalia. Asbesto inajibu kwa sauti butu, kama mtu anayegonga kigae kinene. Tazama ukingo: ni mnene kiasi cha kidole kidogo cha mtoto, na pale ulipomeguka zamani utaona vijinywele. Bolti zake zina ndoano zinazoshika mtambaapanya kwa ndani, na juu zina washa pana nyeusi ya lami. Uliza umri wa nyumba. Skuli ya zamani, ghala la zamani, nyumba ya mtumishi wa serikali iliyoezekwa miaka ya sitini au sabini: hapo weka dhana mbaya.

Uthibitisho kamili unatoka maabara kwa darubini maalumu, kwani yapo mabati ya saruji ya siku hizi yanayofanana kabisa na hayo na hayana asbesto. Ikiwa huna njia ya kupima, lichukulie kuwa ni asbesto. Kukosea kwa upande huo kunakugharimu nailoni na siku moja ya kazi.

Yako mengine si bati gumu: vitambaa au plasta laini iliyozungushiwa mabomba ya mvuke, matanuri ya viwanda vikongwe, vyumba vya injini vya meli za chuma. Ile unaibonyeza kwa kidole ikamomonyoka. Hiyo fundi wa mtaani asiiguse hata kwa barakoa. Funga mlango, weka alama, waitwe wenye vifaa.

Hatua ya pili: amua

Hapa wengi wanaruka. Wakisikia saratani wanataka paa lishuke jioni hiyo hiyo, na hapo ndipo wanapojitafutia balaa. Paa zima, lisilopasuka, lisilomeguka kingo, halimdhuru anayelala chini yake kwa kiasi cha kumkosesha usingizi. Likiwa zima, liache. Usilitoboe kupitisha waya wa antena, usilisugue ukoga kwa brashi, usilipige maji ya presha. Fundi wa rangi akikwambia lazima akwangue kwanza, mlipe nauli yake arudi kwao. Rangi ya paa hupakwa juu ya bati lililoloweshwa kwa maji ya taratibu likakauka lenyewe. Mara moja kwa mwaka, baada ya masika, lizunguke kwa macho toka chini.

Lishushwe ikiwa limepasuka pahala pengi, limekuwa laini ukingoni na kuacha unga kwenye mlizamu, mti umeliangukia, au nyumba inavunjwa. Unga kwenye mlizamu ndio dalili ninayoiheshimu kuliko zote. Wengi tunavuna maji ya mvua, na ule mchanga mweupe unaotua chini ya mlizamu watoto huuchezea. Kuinywa asbesto katika maji hakujathibitika kuleta madhara, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikuiwekea kiwango katika maji ya kunywa. Shida ni pale mchanga ule unapokauka na kufagiwa.

Hatua ya tatu: kabla ya ngazi

Anza na mzigo utakwenda wapi, kwani ukishashuka hauna pa kulala. Nenda kwa sheha, na kupitia kwake au mwenyewe nenda Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ile tunayoiita ZEMA, na Baraza la Manispaa au Halmashauri yako. Waeleze ni mabati mangapi, yako wapi, uelekezwe yatakapopokelewa. Pata jawabu kwa maandishi. Gari la taka la mtaani si lake: mzigo unabanwa, unapasuka, na jaani wapo wanaopekua.

Kule Jang'ombe ilituchukua wiki tatu kabla ya kupanda. Bibi alinung'unika wiki ya kwanza, ya pili akanuna, ya tatu akawa yeye ndiye anayewaeleza majirani.

Na majirani waelezwe kweli, kwa sababu nyumba za mitaa yetu ya Ng'ambo zinapumuliana. Siku hiyo nguo zianuliwe, madirisha yafungwe, watoto wapelekwe kwa shangazi yao, kisima na tangi vifunikwe turubali. Mlizamu ukatwe kwenye tangi mapema. Ndani ya nyumba ondoa godoro, chakula na Msahafu, kisichoondoka kifunikwe.

Chagua siku isiyo na upepo. Kusi na kaskazi zikipamba moto usijaribu. Sisi tulianza baada ya swala ya alfajiri, wakati upepo wa bahari haujaamka, tukamaliza saa nne asubuhi.

Vifaa: barakoa zenye alama FFP3, au P100 ukizipata, moja kwa kila mtu na za akiba. Ile ya buluu ya hospitali haizuii kitu hapa, wala kanga iliyoloweshwa. Ovaroli za kutupa zenye kofia, mipira ya mikono, mabuti ya mpira yasiyo na kamba. Pampu mpya ya kupulizia dawa za shamba, maji, na sabuni ya maji kidogo ili maji yanywewe na bati badala ya kuteleza. Nailoni nene ya ujenzi, tepu pana, spana, mkasi wa kukatia bolti, mbao ndefu za kukanyagia, kamba. Grainda iache nyumbani kabisa, kwa sababu ikiwapo mtu ataiwasha.

Neno moja juu ya ndevu. Barakoa hukaa juu ya ngozi. Penye ndevu hewa hupita pembeni, na nyuzi hupita nayo. Fundi wangu mmoja ana ndevu nzuri za sunna na hazinyoi, nami siwezi kumwambia azinyoe. Siku ya asbesto yeye hubaki nje kwenye gari na kalamu, anaandika idadi. Ujira ni ule ule.

Kupima barakoa: ivae, ifunike kwa viganja viwili, pumua kwa nguvu. Ukihisi upepo puani au mashavuni, haijakaa.

Hatua ya nne: kulishusha

La kwanza si saratani. Bati la asbesto likizeeka linavunjika kama papi lililooza, na mtu hupita nalo hadi sakafuni. Usilikanyage abadan. Weka mbao zishike mitambaapanya miwili au mitatu na utembee juu yake, kamba ikiwa kiunoni na imefungwa pahala penye nguvu.

Pulizia maji juu ya mabati yote, kama umande. Ngoja yanywe, pulizia tena. Anza kilele, shuka kuelekea mlizamu, yaani kinyume cha namna lilivyoezekwa. Fungua bolti kwa spana. Yenye kutu ikate shingo kwa mkasi, bati lenyewe lisiguswe na chuma. Bolti inapotoka pana vumbi dogo, kwa hiyo pulizia tundu lile kabla na baada. Nyanyua bati, mwenzako apulizie tumbo lake kwa chini, kisha lishuke mkono kwa mkono. Halirushwi, haliburutwi juu ya jingine. Watu wanne waliotulia ni bora kuliko wanane wanaopiga kelele.

Chini pawe pametandikwa nailoni. Mabati yapange yakiwa bado mabichi, yafunge kwa nailoni mara mbili, tepu kila mshono, na juu andika kwa rangi: HATARI, ASBESTO, USIFUNGUE. Vilivyovunjika viokote kwa mkono uliovaa mpira, vikiwa vimelowa, vitie kwenye mifuko miwili mmoja ndani ya mwingine.

Dari ndiyo iliyotushinda mara ya kwanza. Juu ya mbao za dari hukaa unga wa miaka arubaini, na vijana wakaona wausukume kwa fagio la chelewa. Fagio hapa ni adui. Lowesha, futa kwa matambara mabichi ukikunja upande safi kila mara, na matambara yaingie mfukoni pamoja na taka. Kenchi na mitambaapanya ifutwe hivyo hivyo, na ardhi kuzunguka nyumba ipekuliwe kwa macho, kipande kwa kipande.

Kuvua kuna utaratibu wake. Kwanza futa ovaroli na mabuti kwa tambara bichi. Vua ovaroli ukiipindua nje ndani, itie mfukoni. Barakoa ndiyo ya mwisho, si ya kwanza. Kisha koga kama unavyokoga josho, maji yafike kila pahala, nywele na masikio. Nguo ya ndani ioshe wewe mwenyewe pale pale. Usiipeleke kwa mkeo.

Vile vipande "vizuri"

Kila nyumba yupo atakayetaka viwili vitatu. Banda la kuku, ukingo wa choo, kizuizi cha moto jikoni, kigingi cha bustani. Usimpe, hata akiwa mama yako. Kuku hupekua, watoto huvunja, na kifusi cha asbesto njiani kila gari inayopita inakisaga. Kuzika shambani kwa siri pia si dawa. Asbesto haiozi wala haiyeyuki; itakaa pale pale mpaka mjukuu atakapochimba msingi. Bibi wa Jang'ombe tulimjengea banda la fito na wavu, kwa gharama yangu, maana nilikuwa nimechoka kubishana naye.

Mafundi wengine

Wa gari: breki za zamani, na baadhi ya zile za bei ya chini zinazoingia hata sasa, huweza kuwa na asbesto. Usilipulize dramu kwa kompresa. Lifute kwa tambara lililolowa. Wa mabomba: bomba kongwe la kijivu la saruji unalolikuta ukichimba lisikatwe kwa grainda, waarifu ZAWA, yaani Mamlaka ya Maji Zanzibar.

Kama ulishalivuta

Kiwango salama hakijulikani, lakini hatari huongezeka kwa wingi wa vumbi na miaka uliyokaa nalo. Siku moja ya msumeno si sawa na maisha ya mgodini, kwa hiyo usijihukumu kufa.

Mafundi tuna imani ya maziwa: ukila vumbi, kunywa maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni. Mapafuni hayafiki, na hakuna dawa, asali wala mvuke wa kutoa nyuzi zilizokwishaingia. Picha ya eksrei wiki ileile haitaonyesha kitu.

Kinachosaidia ni kuacha sigara. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1979 uliwalinganisha watu na wale wasiovuta sigara na wasiogusa asbesto. Waliofanya kazi ya asbesto bila sigara, vifo vyao kwa saratani ya mapafu vilikuwa mara 5. Wavutaji wasiogusa asbesto, mara 11. Waliochanganya vyote viwili, mara zaidi ya 50. Mesothelioma haijali sigara, lakini saratani ya mapafu inajali sana.

Kikohozi kisichokwisha, pumzi kukatika ukipanda ngazi uliyoizoea, maumivu ya kifua, kukonda, maji kujaa kifuani au tumboni: nenda hospitali. Kwetu watakupima kifua kikuu kwanza, na ni sawa, kwa kuwa ndicho kilicho kingi. Majibu yakirudi safi nawe huponi, mwambie daktari wa Mnazi Mmoja au wa Abdulla Mzee jambo ambalo hawezi kuliona kwenye karatasi yake: kwamba uliwahi kukata asbesto, au uliishi na aliyekata, au ulifua nguo zake. Neno hilo ndilo linalobadilisha vipimo atakavyoandika, na pengine ndilo litakalokufikisha hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mapema.

Kwa hiyo liandike sasa, ungali unakumbuka: mwaka, pahala, kazi gani, siku ngapi, nani alikuwa nawe. Langu liko ukurasa wa mwisho wa daftari langu la hospitali. La mjomba nilimwandikia mimi, kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yake, nikalitia kwenye bahasha ya hati ya shamba lake la mikarafuu, pahala pekee ambapo najua hatolipoteza.